Asubuhi Gari la Baba Lilipokataa Kuwaka

Watu wakiniuliza baba yangu alikufa na nini, nawajibu presha. Wananipa pole, tunaendelea na mambo mengine. Sina nguvu ya kumweleza kila mtu habari za gari. Ukianza habari za gari lazima ueleze na habari za ukwe, na ukieleza habari za ukwe kwa mtu ambaye si wa kwetu, atakutazama kama vile nyumba nzima mlikuwa mmelewa. Hatukuwa tumelewa. Tulikuwa tumetoka tu kunywa chai.

Baba alikuwa mtunza stoo wa kiwanda kimoja cha samaki pale Nyakato mpaka alipostaafu. Kazi ile ilimharibu. Kitu chochote kilichopotea kiwandani, boksi, ndoano, gambuti la mtu, aliulizwa yeye, basi akajenga tabia ya kufunga kila kitu na kutoamini mtu. Nyumbani kwetu Kiseke kabati la sukari lilikuwa na kufuli. Friji lilikuwa na kufuli. Funguo zilikaa kiunoni mwake, ungezisikia zinalia kabla hujamwona mwenyewe. Mama alikuwa akisema kwa utani kwamba siku baba akifa, yeye atalazimika kumwomba Mungu amrudishe kidogo ili aseme ufunguo wa godauni uko wapi. Jamani, mdomo huumba.

Alipostaafu alinunua gari, saluni nyeupe, kuukuu lakini safi, la gia za otomatiki. Alilipenda gari lile kuliko alivyotupenda sisi, na nasema hivyo bila kinyongo, maana nasi tulilipenda. Siku moja tukiwa msibani Buswelu vijana waliliwasha kwa ufunguo bandia wakafika nalo mpaka barabarani, watu wakawafukuza. Tangu siku hiyo baba akawa hashikiki. Ufunguo hampi mtu. Fundi akija, anasimama naye mpaka amalize. Tukifika nyumbani kutoka kanisani anatuambia, "Shukeni, shukeni nyote," halafu yeye anabaki ndani, ameinamisha kichwa kidogo, ndipo ashuke na kufunga milango. Mama aliwaambia akina mama wenzake wa kanisani kwamba mumewe hashuki kwenye gari bila kumshukuru Mungu kwa safari. Wakamsifu sana. Wengine waliwasema waume zao kwa ajili yake.

Sasa habari za ukwe. Kwetu, sisi watu wa Mara, mkwe anaheshimiwa mpaka heshima inachosha. Mume wangu, kwa miaka yote tuliyooana, hakuwahi kumpa mama mkono wala kumgusa baba mwilini. Alisalimia kwa mbali, kichwa chini, "Shikamoo mama," mama anaitikia, "Marahaba baba," huku naye anatazama pembeni. Chumbani kwa wazazi wangu hakujua hata kitanda kimeelekea wapi. Na kiti cha baba mkwe hakikalii, haijalishi amechoka kiasi gani. Kwetu kiti cha baba hukaliwa na mtu mwingine siku moja tu, siku ya kumaliza matanga, wazee wanapomkalisha mrithi. Ukikikalia mwenyewe yungali hai, umeshamzika. Baba alikiingiza na kiti cha dereva kwenye sheria hiyo. Alikuwa akisema huku anacheka, lakini hakuwa anatania: "Nyumba hii ina viti vyangu viwili, kimoja sebuleni, kimoja kina usukani."

Tulikuwa tumekuja kuwasalimia kutoka Magu, ambako mume wangu anaendesha mashine ya kukoboa mpunga. Ilikuwa Jumapili. Mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ile ya kutoka ziwani inayokuja na upepo, ikakatika, ikabaki manyunyu. Majirani wenye magari walikuwa wameshaondoka kwenda ibada ya kwanza. Sisi tulipanga ya pili. Baba alikwenda kuoga. Tukasikia kishindo.

Mama alifika wa kwanza, mimi nyuma yake. Alikuwa ameanguka kwenye korido akitoka bafuni, taulo liko kiunoni, mdomo umekwenda upande. Mkono wa kulia na mguu wa kulia havikuwa vyake tena. Alitaka kusema, ikatoka sauti tu, sauti ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Macho yalikuwa macho yake kabisa. Alitujua. Alijua na kilichompata, niliona anajua.

"Gari!" mama akapiga kelele. "Mwambie mwenzio gari!"

Mume wangu alikuwa pale pale, mwisho wa korido, ameugeukia ukuta. Mwanaume anayenyanyua magunia ya mpunga kama mito ya kulalia, amesimama anatazama rangi ya ukuta, kwa sababu baba mkwe yuko na taulo. Simlaumu. Angegeuka, mama angempigia yowe. Lakini siku ile nilimchukia, na ukuta nikauchukia. Mimi na mama tulimvisha baba kaptula na shati, tukamzoa na blanketi, tukamkokota wanawake wawili mpaka uani, na kila hatua nilikuwa nasema moyoni, mila gani hii, mila gani hii ya mawe.

Tulimweka kiti cha nyuma, nyuma ya dereva, mama akaingia upande wa pili akamkumbatia asianguke. Ufunguo nilikuwa nimemvua baba kiunoni tulipomvisha, maana alikuwa ameshavaa mkanda wa funguo zake juu ya taulo. Hata bafuni alikwenda nazo.

Mume wangu akafungua mlango wa dereva, akaingiza mguu mmoja, akasita. Aliinama, akasema kwa adabu zake zile zile, "Baba, naomba ruhusa nikae, nikupeleke hospitali."

Hapo ndipo ilipotokea. Baba alinyoosha mkono wa kushoto, ule mzima, akapiga ubavu wa kiti cha dereva. Akapiga tena. Akatoa sauti, kubwa, ya kukoroma, na macho yamemtoka. Akapiga tena na tena.

"Mnaona?" mama akasema, na machozi yakaanza kumtoka. "Anakataa! Hata akiwa hivi anakataa! Mwanangu, usikae hapo, tafadhali, utamuua mzee wa watu!"

"Mama, nani ataendesha?" nikafoka.

"Liwake kwanza! Likiwaka Mungu atatoa dereva!"

Mume wangu alishatoa mguu wake nje. Aliniambia kwa sauti ya chini, "Mama watoto, kaa wewe, washa tu. Likikubali nitaendesha hata kwa kupiga magoti, atanisamehe mbele ya safari." Basi nikakaa. Sijui kuendesha gari, na kile kilikuwa kiti cha baba yangu pia, kwa hiyo nilikaa ukingoni, kalio moja, mguu mmoja uko nje kwenye tope. Nikazungusha ufunguo.

Starta ilizunguka vizuri, kwa nguvu. Gari halikuwaka. Nikazungusha tena. Starta inalia weee, injini inatikisika, lakini moto haushiki.

Nataka mtu aelewe jambo hili, maana ndilo lililotumaliza. Gari lisilolia kabisa unaliacha, unatafuta njia nyingine. Gari linalolia kama linataka kuwaka linakufunga kamba. Kila ukizungusha unasema, sasa hivi. Mume wangu alifungua boneti akasema, "Betri nzima, starta nzima, ngoja, hiki ni kitu kidogo." Nami nikaamini, kwa sababu mashine zinamsikiliza yule mtu. Nilimpigia dereva mmoja wa bajaji tunayemfahamu, akasema yuko njiani, yuko hapo chini tu. Nilipompigia tena akasema ukweli: "Dada, huko kwenu juu sipandi, mvua imekata barabara, kunateleza. Mleteni mpaka lami." Mleteni! Kama vile mtu aliyekufa nusu mwili ni kapu la dagaa.

Mume wangu alichomoa plagi moja, akaiunga kwenye waya wake, akaniambia nizungushe. Cheche ikaruka, ya bluu, kali. "Moto upo," akasema. Akainusa plagi. "Kavu. Haina hata harufu ya petroli. Mafuta hayafiki." Mshale wa mafuta ulikuwa umepita nusu. Akaniambia nifungue swichi ya ufunguo bila kuwasha, tukae kimya tusikilize, maana pampu ya mafuta inakaa ndani ya tangi na ukifungua swichi hiyo hulia kidogo kama nyuki. Tukasikiliza. Nilisikia matone yakidondoka kutoka kwenye bati. Nilisikia baba anavuta pumzi. Nyuki hakulia.

"Pampu imekufa," mume wangu akasema. "Au umeme hauifikii."

Baba akapiga kiti tena. Safari hii alikuwa analia. Sijawahi kumwona baba analia, hata mdogo wake alipozama Ukerewe hakulia mbele yetu. Mama akaushika ule mkono, akaukunja, akauweka kwenye paja lake na kuufunika kwa kiganja chake. "Tulia baba, tulia, hakai mtu kwenye kiti chako. Binti yako ndiye amekaa." Mkono ukachomoka, ukarudi kule kule kwenye kiti. Mama akaurudisha.

Ili kuifikia pampu ilibidi kukiinua kiti cha nyuma. Ili kukiinua kiti cha nyuma ilibidi kumtoa baba. Nilimuuliza mume wangu mara mbili kama hakuna njia nyingine, akasema hakuna. Tukamtoa. Mama na mimi tena, mabega yanatuuma, tukamlaza kwenye mkeka barazani, mkeka wenyewe umelowa manyunyu. Mume wangu hakuweza kumshika, lakini alivua koti lake la kanisani akalitupa karibu nasi bila kutazama, ili tumfunike.

Alikiinua kiti. Akapima nyaya za pampu kwa taa yake ndogo, taa haikuwaka. "Umeme haufiki hapa," akasema, akaenda kwenye fyuzi, akazitoa moja moja akizitazama kwenye mwanga. Zote nzima. Nilimwona anakuna kichwa, nikaogopa, kwa sababu si mtu wa kukuna kichwa. Akasema, "Kuna mahali waya umekatika kati ya huku na kule. Siwezi kuutafuta sasa. Nipe waya wowote mrefu, nitaunga moja kwa moja kutoka kwenye betri."

Nilikimbia ndani nikachukua pasi ya mama, tukaikata waya wake kwa kisu cha jikoni. Akaunga. Na pampu ikalia! Wallahi tulipiga kelele pale uani, mimi na mume wangu, kelele za furaha, mama naye akasema asante Yesu. Nikaruka ukingoni mwa kiti, nikazungusha ufunguo.

Tik.

Nikazungusha tena. Tik. Betri ilikuwa imeisha kwa kuzungushwa kule kote. Na gari la otomatiki halisukumwi likawaka, hata ungekuwa na kijiji kizima na mteremko wa Kiseke mbele yako. Mume wangu aliweka kichwa chake juu ya paa la gari. Nilishuka nikalipiga lile gari teke mlangoni, alama bado ipo.

Aliyetuokoa, kama huko ni kuokolewa, ni mtu wa toyo, zile pikipiki za magurudumu matatu za kubebea mzigo, aliyekuwa akipeleka mchanga kwenye nyumba inayojengwa juu yetu. Mume wangu alimkimbilia njiani akamsimamisha. Mchanga ukamwagwa pale pale barabarani. Tuliweka godoro, tukamlaza baba, mama akakaa kichwani kwake na mwavuli, mimi miguuni. Mtaa mzima uliokuwa unarudi kutoka ibada ya kwanza ukatuona tunashuka hivyo, mzee wa kanisa kwenye toyo ya mchanga. Wanawake walianza kulia, nikawakemea. Niliwaambia wanyamaze, hajafa.

Baba alikuwa ananitazama njia nzima. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umetulia sasa. Nilidhani amepata nafuu.

Hospitalini walitupokea vizuri, sina la kuwasema. Daktari, mama mmoja mpole, aliuliza tatizo lilimwanza muda gani. Tulipomwambia akasema kwa ugonjwa huu muda ndio dawa yenyewe, na kwamba sasa tutamtunza na kuomba. Nilimwelewa. Mama hakumwelewa, au alijifanya, akaendelea kumuuliza lini atarudi nyumbani.

Mume wangu alibaki siku chache akarudi Magu, mashine za watu hazisubiri. Mimi nikabaki kupika na kupeleka chakula. Gari lilikaa uani na kiti chake cha nyuma nje, kama kuku aliyefunguliwa tumbo. Mama akasema litengenezwe, tutafute kijana wa kutuendesha, maana kwenda na kurudi kwa miguu na vyombo kulikuwa kunamwua. Nikamwita fundi umeme wa magari kutoka Nyakato, kijana mnene mfupi mwenye maneno mengi. Alikuja na betri yake, akaifunga, akaung'oa ule waya wetu wa pasi. Nikamweleza yote: moto upo, mafuta hayafiki, umeme haufiki kwenye pampu, fyuzi nzima. Akasema, "Sawa dada, tutamtafuta huyo shetani."

Akafungua mlango, akakaa kwenye kiti cha dereva. Akakaa kama watu wanavyokaa, makalio mawili, mgongo nyuma. Mimi nilishtuka kidogo, lakini fundi si mkwe. Miguu yake haikufika vizuri kwenye breki, basi akapeleka mkono chini ya kiti kutafuta kile chuma cha kusogezea mbele.

"Heh," akasema. "Hiki nini?"

Kulikuwa na swichi. Swichi ndogo nyeusi, chini ya kiti, ubavuni, pembeni kabisa mwa chuma cha kusogezea, imefunikwa na pindo la kitambaa. Akaibonyeza. Akafungua swichi ya ufunguo. Nyuki akalia nyuma. Akazungusha ufunguo, gari likawaka mara moja, laini, kama vile halijawahi kuwa na neno na mtu.

"Hii ya kuzuia wezi," fundi akasema, anacheka. "Mzee mjanja! Ukipaki unazima, hata mwizi awe na ufunguo haondoki nalo. Wazee wengi wanafunga hizi. Hamkuwa mnajua?"

Mama alikuwa ametoka jikoni aliposikia mlio. Alikuwa ameshika sufuria ya uji. Alitazama gari, akamtazama fundi, akatazama mkono wa fundi ulipokuwa. Akaiweka sufuria chini, taratibu, isimwagike. Halafu akakaa chini mwenyewe, pale pale kwenye kokoto.

"Alikuwa haombi," akasema. Akaanza kucheka. Kicheko kibaya, sitaki kukisikia tena. "Miaka yote ile nawaambia watu anaomba. Mume wangu alikuwa anazima swichi."

Halafu akaacha kucheka. "Alikuwa ananiambia," akasema. "Alikuwa ananiambia, na mimi nikamshika mkono."

Mume wangu ni mrefu, baba alikuwa mfupi. Angekaa kwenye kiti kile, kitu cha kwanza ambacho angefanya kabla hata ya kuwasha ni kupeleka mkono chini akisogeze nyuma. Hakuna njia ambayo asingeigusa. Nilimpigia simu nikamwambia. Nilisikia mashine inakoboa nyuma yake, muda mrefu, halafu akasema, "Sawa," akakata. Mpaka leo hatujawahi kulizungumza. Nikilianza anatoka nje.

Fundi alikirudisha kiti cha nyuma, akajitolea kutupeleka hospitali. Tulikaa nyuma, mama na mimi na vyombo. Nilikuwa nawaka. Nilikuwa na hasira na mama, na mila, na mume wangu mwenye adabu, lakini zaidi ya wote nilikuwa na hasira na baba. Mtu unalala na mke kitanda kimoja mpaka mnazeeka, humwambii! Mwizi gani ulimwona humu ndani? Mficha uchi hazai, walisema wahenga, na yeye alificha mpaka pumzi yake mwenyewe. Nilitaka kuingia wodini nimwambie yote hayo. Sijui kukaa na jambo moyoni, kila anayenijua anajua, na baba ndiye aliyenifundisha hivyo. Uongo alikuwa haukubali hata wa kuchekesha.

"Usimwambie," mama akasema tukipita njia panda ya kiwandani.

"Anajua mama. Swichi ni yake."

"Anajua swichi ni yake. Hajui kama sisi tunajua. Acha abaki hivyo."

"Kwa hiyo afe akidhani tulimpuuza? Anatuonyesha, tunamkunja mkono?"

"Afe akidhani tu wajinga," mama akasema. "Ni afadhali kuliko kufa akijua watoto wake wamejua kwamba alijiua mwenyewe."

Sikukubaliana naye. Nilishuka kwenye gari nikiwa sijakubaliana naye. Nilimtangulia kwenye ngazi makusudi, ili nifike kabla yake.

Baba alikuwa macho. Walikuwa wamemgeuzia upande wa dirisha, ambako ziwa linaonekana kidogo kati ya majengo, lakini hakuwa anatazama nje. Alikuwa anatazama mlango. Alikuwa amekonda sana kwa muda mfupi, shingo imebaki mishipa. Aliponiona peke yangu, na uso wangu ulivyokuwa, kitu kikapita machoni mwake. Nilikijua kile kitu. Nilikuwa nacho mwenyewe nikiwa mdogo, nimevunja chombo, namsikia anavua viatu mlangoni. Baba yangu alikuwa ananiogopa.

Hasira yote ikanitoka. Siwezi kueleza ilikwenda wapi.

Nikakaa kitandani. Nikasema, "Baba, gari tumelipeleka kwa fundi, bado liko huko."

Akanitazama.

"Lilikuwa limekufa, baba. Bovu kabisa. Waya umeungua huko ndani, fundi mwenyewe ameshangaa. Amesema hata angekuwepo yeye siku ile, lisingewaka. Hakuna ambacho mtu yeyote angefanya. Wewe, sisi, mkweo, hakuna."

Nilisema kwa haraka, bila kumtazama usoni, nakunjua shuka ambayo haikuwa imekunjika. Nilipomaliza nikainua macho.

Gari lilikuwa limepaki chini, upande ule ule wa dirisha, na fundi hakuwa amelizima bado. Mlio ulikuwa unapanda mpaka wodini. Baba aliusikiliza mlio ule miaka mingi, asubuhi na jioni, angeutambua kati ya magari mia. Alikuwa anausikiliza sasa. Machozi yalimtoka upande mmoja, upande ule ambao bado ulikuwa wake.

Halafu akatikisa kichwa. Ndiyo. Amekubali, lilikuwa bovu.

Akanyoosha mkono wa kushoto, ukanitafuta, ukaufikia wangu, akanipigapiga, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto anyamaze.